Kabla hujanunua simu nyingine: mwongozo wa kupunguza uchafuzi wa kidijitali kwa simu uliyonayo mkononi

"Fundi, simu imejaa. Ninunue nyingine?"

Sipitishi siku mbili bila kuulizwa hivyo kwenye meza yangu. Swali linalofuata huwa "bando langu linaishia wapi?", na la tatu, ambalo watu huuliza wakiwa wameshasimama kuondoka, ni "hii ya zamani nikaitupe wapi?" Nimeyajibu kwa mdomo kwa miaka, nimechora michoro kwenye vipande vya karatasi, na wiki ijayo anakuja mwingine na lilelile. Basi nayaandika hapa yote kwa mpangilio, uyafuate mwenyewe ukiwa nyumbani.

Nitangulize jambo moja: nakula kwa kutengeneza simu. Lakini hatua nyingi humu hazihitaji fundi, na zile zinazomhitaji nimezitaja wazi.

Kwa nini tunahangaika

Nitaeleza kwa ufupi, halafu tuingie kazini. Uchafuzi wa kidijitali ni moshi, umeme, maji, ardhi iliyochimbwa na taka zinazotokana na vifaa vyetu pamoja na mtandao tunaoutumia. Wengi wakilisikia neno hilo hufikiria barua pepe zilizorundikana. Hizo zimo, ila si mzigo mkubwa. Kwa simu ya mkononi, sehemu kubwa ya madhara hutokea kabla hujaiwasha mara ya kwanza: kuchimba madini, kuyayeyusha, kutengeneza chipu, kuunganisha, kusafirisha. Kobalti iliyomo kwenye betri yako huenda imetoka Kongo, maana nchi hiyo peke yake hutoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, hasa upande wa Kolwezi, ambako wachimbaji wanazungumza Kiswahili kama mimi na wewe. Ukiitumia simu miaka 6 badala ya 2, lile shimo lililochimbwa kwa ajili yako umeligawa kwa miaka 6.

Upande wa pili wa safari ni jalala. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, kuanzia friji na TV hadi simu na waya za chaja. Chini ya robo ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa inavyostahili. Afrika haifiki hata asilimia 1.

Katikati kuna seva, yaani kompyuta kubwa zinazohifadhi na kusafirisha video na picha zetu. Vituo vyake vilitumia karibu asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia mwaka 2024, na matumizi yanapanda.

Kwa hiyo msimamo wangu ndio huu, na mwongozo wote umejengwa juu yake: faida kubwa ya kusafisha simu ni kwamba inakuzuia kununua nyingine. MB ulizofuta ni nyongeza.

Andaa vitu hivi kwanza

- Simu yenye chaji zaidi ya nusu.
- Saa mbili za utulivu, na Wi-Fi ikiwezekana.
- Mahali pa kuweka nakala: memori kadi, fleshi inayochomekwa kwenye simu, kompyuta, au akaunti ya Google yenye nafasi.
- Barua pepe na neno la siri la akaunti yako ya Google, vimeandikwa kwenye daftari linalokaa nyumbani. Usiseme "nalikumbuka". Wengi wanaofika kwangu na simu iliyojifunga walikuwa wanalikumbuka.
- Kijiti cha meno cha mbao na mswaki mkavu, laini.

Natumia majina ya menyu za Android kwa Kiswahili. Kwako yanaweza kutofautiana kidogo, lakini mpangilio ni uleule.

Hatua ya 1: Pima hali ya simu kabla hujagusa kitu

Piga *#06# kama unayepiga simu. Namba ya tarakimu 15 itakayotokea ni IMEI, yaani kitambulisho cha simu yako. Iandike kwenye daftari pamoja na mwezi na mwaka ulionunua simu. Kisha ingia Mipangilio, fungua sehemu ya hifadhi, uandike nafasi iliyobaki na kitu kinachokula nafasi kubwa zaidi. Mara nyingi utakuta ni picha na video, halafu programu.

Andika pia malalamiko yako kwa maneno yako mwenyewe: "inakuwa nzito", "chaji haifiki jioni", "inazima ghafla ikiwa na asilimia 20". Sentensi hizo ndizo zitakazokuonyesha hatua ya kukazania. Simu nzito huwa imejaa. Simu inayozima ikiwa na asilimia 20 huwa imechoka betri. Watu huzichanganya hizo mbili, wanatupa simu nzima.

Hatua ya 2: Weka nakala, kisha ndipo ufute

Nakili picha na video unazozihitaji kwenye memori kadi, fleshi au kompyuta. Baada ya kunakili, fungua chache kule ulikozipeleka uone kama zinafunguka. Usikiache kipande hiki.

Tahadhari kubwa: kama unatumia Google Photos, kufuta picha ndani ya programu hiyo huifuta kwenye simu na kwenye akaunti kwa pamoja. Mimi mwenyewe nilipoteza hivyo picha za Idi ya mwisho ya marehemu baba yangu. Nilidhani nafuta nakala ya kwenye simu tu, nikaja kugundua baada ya miezi, wakati hata tupio limeshajisafisha. Ukitaka kupunguza nafasi kwenye simu na kubakiza picha kwenye akaunti, ndani ya programu hiyo kuna amri maalumu ya kuongeza nafasi kwenye kifaa. Tumia hiyo. Na ukikosea, wahi tupio: picha iliyokuwa na nakala kwenye akaunti hukaa humo siku 60.

Hatua ya 3: Safisha WhatsApp

Hapa ndipo penye kazi. Simu nyingi za kwetu zinajazwa na WhatsApp, na mwenye simu hajapiga hata picha kumi mwezi mzima.

Fungua WhatsApp, gusa vitone vitatu vya juu, ingia Mipangilio, kisha Hifadhi na data, kisha sehemu ya kudhibiti hifadhi. Juu utaona mafungu mawili: vitu vilivyosambazwa mara nyingi, na vitu vinavyozidi MB 5. Chini yake, makundi na watu wamepangwa kuanzia anayekula nafasi kubwa.

Anza na vilivyosambazwa mara nyingi. Humo kuna video za "sambaza kwa watu 20 ubarikiwe", matangazo ya dawa, vichekesho vya mwaka juzi. Chagua vyote, futa bila huruma. Ingia fungu la vinavyozidi MB 5, lakini hapo taratibu, kimoja kimoja, maana ndimo zinamokaa video za harusi na misiba ya ndugu. Kisha nenda kwenye makundi matatu ya juu. Kwangu, ukifika hapo tu, simu ya GB 32 iliyokuwa inagoma hupata GB 5 au 6.

Sasa funga bomba, la sivyo mwezi ujao tutakuwa palepale. Rudi Hifadhi na data, utafute upakuaji otomatiki. Kuna mistari mitatu: unapotumia data ya simu, unapotumia Wi-Fi, na unapokuwa nje ya nchi. Ingia kila mmoja, toa alama kwenye picha, sauti, video na nyaraka. Tangu hapo kitu hakishuki mpaka ukiguse mwenyewe. Usiogope kupitwa na ujumbe wa sauti uliorekodiwa na mtu, huo hushuka wenyewe daima.

Kisha ingia sehemu ya Gumzo ndani ya Mipangilio, uzime ile ya kuonyesha midia kwenye galari. Mwisho, kwenye nakala rudufu za gumzo, toa video zisijumuishwe. Nakala za WhatsApp siku hizi zinahesabiwa ndani ya GB 15 za bure za akaunti ya Google, na ndiyo sababu watu wanapata onyo la kujaa kwa akaunti huku wakidhani hawana kitu.

Tahadhari: usifute kundi zima kwa hasira. Mama mmoja alifuta gumzo lote na dalali wake, akaja kukumbuka kwamba picha za makubaliano ya kiwanja zilikuwa humo humo na hakuzihifadhi kwingine. Nyaraka zinazohusu ardhi, mkopo, shule au hospitali zitoe kwenye gumzo kwanza, zipeleke kwenye folda yake.

Na kama wewe ni admini wa kundi la familia, la mtaa au la kikoba, nakuomba jambo. Video ya MB 10 ikiingia kwenye kundi la watu 200 na kila simu ikaipakua, hizo ni GB 2 zimepita hewani, na mwaka mzima zimekaa kwenye simu 200. Wekeni utaratibu: tangazo liandikwe kwa maneno, picha moja itoshe, video ndefu itumwe kiungo. Nimeona kikoba kimoja wanawake walikubaliana hivyo kwa sababu ya gharama ya bando tu, na kundi likawa la maana tena, mtu akifungua anakuta hesabu na tarehe.

Hatua ya 4: Barua pepe na programu

Hapa tupite haraka. Kwenye Gmail andika has:attachment larger:10M kwenye kisanduku cha kutafutia, utaletewa barua zenye viambatisho vikubwa. Futa zisizohitajika, kisha ondoa tupio. Matangazo unayopokea kila siku bila kuyasoma, fungua moja, shuka chini kabisa, ujitoe. Dakika kumi zinatosha. Ukisikia mtu anasema kufuta barua pepe kutaokoa dunia, jua amekuza mambo: barua pepe ya maneno matupu ni ndogo mno.

Programu ambayo hujaifungua miezi mitatu, iondoe. Zile ambazo kiwanda kimezifunga zisiondoke, zizime kwenye orodha ya programu.

Tahadhari: usisakinishe programu za "kusafisha" na "kuongeza kasi ya simu". Nyingi huleta matangazo, hukaa macho muda wote na kula betri ileile unayotaka kuiokoa. Kazi yao umeshaifanya kwa mkono.

Hatua ya 5: Video na bando

Ingia Mipangilio, sehemu ya mtandao, uangalie matumizi ya data kwa kila programu. Utajua bando linaishia wapi ndani ya nusu dakika. Karibu kila mara ni video.

Video ya ubora wa juu huweza kula hadi GB 3 kwa saa, ilhali ya ubora wa chini hula karibu GB 0.3. Kwenye kioo cha simu cha inchi 6, jicho halitofautishi sana. Kwa hiyo:

- Weka ubora wa kawaida uwe 360p au 480p unapotumia data ya simu. YouTube na TikTok zote zina kipengele cha kuokoa data ndani ya mipangilio yake.
- Zima kucheza kiotomatiki kwa video inayofuata. Watu hulala na simu ikaendelea mpaka alfajiri.
- Kama unasikiliza tu, iwe mawaidha, kwaya, taarabu au mahojiano, tafuta toleo la sauti, au redio ya kawaida kabisa.
- Katuni ambayo mtoto ataitazama mara ishirini, ipakue mara moja kwenye Wi-Fi kama programu inaruhusu.
- Washa Kiokoa Data cha simu yenyewe.

Kutumia Wi-Fi badala ya data ya simu nako kunapunguza umeme kwa kila GB. Na pale minara inapoendeshwa kwa jenereta kwa kuwa gridi haijafika, ujue kila unachokivuta kina dizeli ndani yake.

Hatua ya 6: Tunza betri

Betri ya kawaida ya simu hutengenezwa ibaki na kama asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kamili mara 500 hivi. Piga hesabu, ni mwaka mmoja na nusu hadi miwili na kidogo. Ndiyo maana watu wengi hudhani simu "imekufa" kuanzia mwaka wa pili: kioo kizima, kamera nzima, sauti nzima, betri tu ndiyo imechoka. Kubadilisha betri ni sehemu ndogo ya bei ya simu mpya. Kama utachukua jambo moja tu humu ndani, chukua hili.

Adui wa kwanza wa betri ni joto. Bodaboda wanaofunga simu kwenye usukani kufuata ramani saa saba mchana, madereva wanaoiweka kwenye dashibodi, mama lishe anayeiacha karibu na jiko: hao nawaona kila baada ya mwaka mmoja badala ya mitatu. Kama kazi yako ni barabarani, iwekee kivuli, na usiichaji wakati inapigwa na jua. Kava nene livue unapochaji. Usichaji chini ya mto wa kulalia, kamwe.

Adui wa pili ni kuikalisha kileleni au sifuri. Jitahidi iwe kati ya asilimia 20 na 80. Simu nyingi za siku hizi zina kipengele cha kusimamisha chaji kwenye 80, kiwashe. Zile za zamani, chaji jioni ukiwa macho, uitoe kabla ya kulala. Ukiihifadhi simu usiyoitumia, iache na nusu ya chaji na uiangalie kila baada ya miezi michache.

Adui wa tatu ni chaja mbovu. Chaja nyepesi kama ganda la yai na inayowaka moto mkononi, hiyo siyo rahisi hata ikiuzwa shilingi elfu mbili. Umeme ukikatika na kurudi, subiri dakika chache kabla ya kuchomeka.

Hatua ya 7: Tengeneza kilichoharibika

Kabla hujamfuata fundi kwa sababu simu "haiingizi chaji", fanya hivi. Zima simu. Chukua kijiti cha meno cha mbao, kwangua taratibu ndani ya tundu la chaji, ukizifuata kuta zake. Utashangaa pamba na vumbi la mfukoni litakalotoka. Malizia na mswaki mkavu. Usitumie pini wala sindano. Zinakunja vidole vya ndani, halafu hapo ndipo unanihitaji kweli. Zaidi ya nusu ya simu za "tundu limekufa" zinazofika kwangu zinapona kwa kijiti.

Ikibidi uende kwa fundi:

- Nenda na IMEI yako kwenye daftari, na toa laini na memori kadi.
- Usimwachie namba ya siri kama hakuna ulazima. Baadhi ya simu, zikiwemo za Samsung na Pixel, zina hali ya ukarabati inayoficha mambo yako, iwashe.
- Omba ifunguliwe mbele yako.
- Muulize betri na vioo vibovu anavipeleka wapi. Akijibu "natupa tu", mwambie hapana. Wateja wakiuliza, mafundi hubadilika. Mimi nilianza kuweka ndoo ya betri chakavu kwa sababu ya mwanafunzi mmoja aliyeniuliza swali hilo nikakosa jibu.

Hatua ya 8: Kama kununua hakuepukiki

Fikiria iliyotumika kwanza. Pale Kariakoo mtaa wa Aggrey, au Nairobi kwenye Luthuli Avenue, simu nzuri za mkono wa pili zipo, lakini zichunguze:

1. Piga *#06#, linganisha IMEI na ya kwenye boksi. Kwa Tanzania itume namba hiyo kwenda 15090, kwa Kenya 1555, ujue kama simu ni halisi. Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikazima za Tanzania Juni 2016, na watu walibaki na vipande vya plastiki mkononi, taka mpya kabisa.
2. Hakikisha akaunti ya Google au Apple ya mwenye zamani imetolewa, na afanye hivyo mbele yako. Isipotolewa, simu itajifunga.
3. Tazama simu itapata masasisho ya usalama mpaka lini. Google kwa Pixel 8 na Samsung kwa Galaxy S24 waliahidi miaka 7. Simu ya bei nafuu inayoachwa baada ya miaka 2 inaweza kukugharimu zaidi.
4. Uliza kama betri na kioo chake vinapatikana mjini kwenu. Simu yenye jina geni isiyo na vipuri ni ya kutumia mara moja.

Hatua ya 9: Kuiaga ya zamani

Kwanza itafutie kazi. Inaweza kuwa redio ya jikoni, kamusi ya mtoto, saa ya kuamshia, au simu ya bibi kijijini anayehitaji kupiga tu. Ikishindikana, iuze au igawe. Ikiwa imekufa kabisa, ipeleke kwa fundi ikatolewe vipuri. Kurejeleza kunakuja mwisho.

Kabla haijatoka mikononi mwako: weka nakala, hamishia WhatsApp kwenye simu mpya, toa akaunti ya Google kwenye Mipangilio, ondoa laini na memori kadi, halafu ndipo uirudishe kwenye hali ya kiwandani. Fuata mpangilio huo. Ukianza na la mwisho bila kutoa akaunti, utakayempa atakwama.

Kwa kurejeleza, Nairobi kipo WEEE Centre, kinachofanya kazi hiyo tangu mwaka 2012. Rwanda kuna kiwanda cha Enviroserve huko Bugesera. Tanzania ina kanuni za taka za umeme na elektroniki za mwaka 2021. Ulizia ofisi ya kanda yako ya NEMC, chombo cha serikali kinachosimamia mazingira, ni nani mwenye kibali cha kuzipokea karibu nawe. Kama ni mbali, kusanyeni mtaa mzima, au shule, au msikiti na kanisa, mpeleke boksi moja kwa mwaka.

Tahadhari: usichome waya kupata shaba. Plastiki yake ikiungua hutoa dioksini, sumu inayokaa mwilini na kwenye udongo, na wanaoipumua kwanza ni vijana wanaozungukia moto huo. Usitupe betri chooni, mtaroni wala kwenye shimo la taka linalochomwa. Na mnunuzi wa chuma chakavu umpe chuma. Simu na betri usimchanganyie.

Ikigoma

Nimefuta vitu vingi, bado inasema imejaa. Kuna tupio mahali fulani. Angalia tupio la galari, la Google Photos na la programu ya mafaili, kila moja lina lake. Kisha izime na kuiwasha.

Ina nafasi lakini bado nzito. Acha angalau sehemu moja ya kumi ya hifadhi iwe wazi daima. Kama ipo na bado nzito, weka nakala na uirudishe kwenye hali ya kiwandani, halafu rudisha programu unazozitumia kweli tu. Facebook na nyinginezo unaweza kuzifungua kwenye kivinjari.

WhatsApp inasema simu yangu haikubaliki tena. Tangu Januari 2025 Android 4.4 na za chini yake zimeachwa. Tafuta kama simu yako ina sasisho la mfumo. Ikikosa, itabaki nzuri kwa kupiga, redio na miamala ya simu.

Imeingia maji. Zima mara moja, usiichomeke kwenye chaji kujaribu, toa laini, ifute, iache mahali penye hewa. Usiitie kwenye mchele: vumbi lake huingia kwenye matundu na haukaushi kitu. Yakiwa maji ya bahari, usisubiri ikauke, iwahishe kwa fundi siku hiyohiyo, chumvi hula haraka.

Nimeambiwa simu haina matengenezo. Tafuta fundi wa pili. Kama wawili wanasema ubao umeungua, basi iage kwa hatua ya 9.

Betri imevimba, mgongo wa simu umeinuka. Acha kuitumia, usiichaji, usiitoboe, usiibonyeze irudi. Iweke kwenye sufuria au debe la chuma lenye mchanga mkavu, mbali na watoto na vitu vinavyoshika moto, mpaka uifikishe kwa fundi. Mwache yeye aitoe. Simu yenyewe, ikishawekewa betri nyingine, mara nyingi inaendelea na kazi.